Bawabu wa Majorca na Milango Yetu

Kuna lalamiko moja ambalo mapadre na wazee wa jumuiya hulisikia mara kwa mara kutoka kwa waumini wanaotaka nasaha juu ya maisha ya roho, nalo ni kwamba wangependa mno kumkaribia Mwenyezi Mungu, ila shughuli haziwapi nafasi. Mama hunuia kusali alfajiri, mara mtoto huamka akalia. Karani hutia nia ya kukaa kimya kidogo kabla ya kuanza kazi, mara simu huita. Mwalimu amefungua Injili wakati wa mapumziko, mara mwanafunzi anabisha hodi ofisini. Siku hupita hivyo, na miezi hupita, hata mja huyo mwenye nia njema huishia kuitakidi kwamba utakatifu ni fungu la watawa waishio nyuma ya kuta nene, au la wastaafu waliokwisha kumaliza kulea na kusomesha, na kwamba yeye, maadamu ana watu wa kuwahudumia na riziki ya kuitafuta, hana budi kuridhika na Misa ya Jumapili na rozari ya mwezi wa Oktoba.

Wako watakatifu wengi wawezao kumjibu mtu huyo, lakini mimi humpeleka kwa mmoja ambaye jina lake halitajwi sana katika makanisa yetu, na ambaye kazi yake, kutwa kucha, ilikuwa kukatizwa. Huyo ni Mtakatifu Alonso Rodríguez, bruda wa Shirika la Yesu, bawabu wa chuo cha Montesión katika mji wa Palma, kisiwani Majorca, nchini Hispania, aliyefariki tarehe 31 Oktoba 1617 pasipo kuwahi kupewa cheo kikubwa kuliko cha kushika funguo za mlango. Asichanganywe na padre wa jina lilelile, wa shirika lilelile na wa zama zilezile, aliyetunga kitabu mashuhuri juu ya ukamilifu wa Kikristo, kilichosomwa kwa vizazi na vizazi katika nyumba za malezi. Yule alifundisha manovisi, na huyu wetu alifungulia wageni, na ni rahisi mtu kusoma kitabu cha yule akidhani anamsoma huyu.

Alonso alizaliwa Segovia mwanzoni mwa miaka ya 1530, katika nyumba ya mfanyabiashara wa sufu, nyumba yenye dini na uwezo wa kadiri. Alipokuwa mtoto, Padre Pierre Favre, mmoja wa masahibu wa kwanza wa Mtakatifu Inyasi wa Loyola, alipata kukaa kwao kama mgeni, naye ndiye aliyemtayarisha kwa Komunyo ya kwanza. Baadaye alipelekwa Alcalá kusoma, lakini masomo yalikatika baba yake alipofariki, akarudi nyumbani kusaidia biashara ambayo, licha ya juhudi zake, iliendelea kudhoofu mikononi mwake. Alioa mke aliyeitwa María Suárez, wakajaliwa watoto, kisha mauti yakaiingia nyumba ile na kuirudia kama mgeni asiyejua kuaga, hata Alonso, kabla hajatimiza miaka 40, alikuwa amekwisha kumzika mkewe, na watoto wake wote, na mama yake. Hapo ndipo alipobisha hodi kwa Wayesuiti kuomba kupokewa, na hapo ndipo alipokataliwa: umri umekwenda, afya si nzuri, elimu haitoshi. Akaenda Valencia, akajaribu kujifunza Kilatini darasani pamoja na watoto wadogo, mtu mzima mwenye ndevu akichekwa na vijana kwa kushindwa kunyambua vitenzi, na alipoomba mara ya pili wale waliompima walirudia uamuzi wao wa kwanza. Mkuu wa jimbo la shirika ndiye aliyeupindua uamuzi huo, kwa hoja kwamba ikiwa mtu huyu hafai kuwa padre, aingie ili awe mtakatifu. Alipokewa kama bruda tarehe 31 Januari 1571, na mwaka uleule akavushwa bahari mpaka Majorca, ambako hakutoka tena.

Nimekaa juu ya habari hizi kwa makusudi, kwa sababu wengi wetu huanza safari ya kumtafuta Mungu kwa kungojea kwanza mambo yetu yakae sawa: madeni yaishe, mtoto apone, mzozo wa shamba la urithi upate hukumu, ndipo moyo utulie na sala ianze. Alonso hakurudishiwa hata kimoja katika vile alivyovipoteza. Alianza na mikono mitupu, akiwa mjane aliyefilisika na mwanafunzi aliyeshindwa, na kazi aliyopewa mwisho wa hayo yote ilikuwa ile ambayo wenye akili za dunia wangeiona kuwa ndogo kuliko zote katika chuo kile.

Na kazi yenyewe ilikuwaje? Chuo kilikuwa na mapadre, walimu na wanafunzi, na kila aliyemtaka mmojawapo alipitia mlangoni kwa Alonso: mgeni aliyefika kwa meli, mzazi mwenye malalamiko, mleta barua, mgonjwa aliyetaka padre upesi, kijana aliyekuja bila haja yoyote ya maana, na maskini waliokuja kila siku kwa sababu jana walipewa mkate. Alikuwa na wajibu wa kufungua, kuuliza haja, kwenda kumtafuta anayetakiwa katika vyumba na ngazi, kurudi na jibu, kugawa sadaka, kupeleka maagizo mjini, na kuanza tena upya kabla hajakaa. Hakuna kazi isiyofaa kwa taamuli kama hiyo, ikiwa taamuli maana yake ni kuachwa peke yako. Lakini inasimuliwa kwamba kila mlango ulipobishwa Alonso aliitika moyoni, na wakati mwingine kwa sauti, kwamba anakuja, Bwana wake. Naye aliinuka akiwa ameazimu kumpokea anayebisha, awe nani awe, kwa furaha ileile ambayo angempokea nayo Kristo mwenyewe lau ndiye angekuwa amesimama pale nje. Hakuyabuni hayo. Yamo katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, ambayo sote tumesikia ikisomwa. Tofauti ni kwamba yeye aliichukua sura ile kama agizo la kazi yake ya siku, na akaishi nayo miaka zaidi ya thelathini.

Sasa tuje kwetu. Nenda kwenye lango la ofisi yoyote ya Dar es Salaam au Mombasa, na utamkuta mlinzi amekaa juu ya kiti cha plastiki kilichofungwa waya mguuni, mbele yake daftari la wageni lililochorwa safu kwa rula, jina, utokako, unayemtaka, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isitoweke. Watu huinama, huandika, huenda zao, wengi wao pasipo kumtazama usoni, na vijana wadogo kwa umri kuliko wanawe humpita bila hata shikamoo. Ikiwa mlinzi huyo ni muumini, na ikiwa siku moja ataamua kwamba kila kivuli kitakachoangukia daftari lile kitakuwa kwake dalili ya kumwitikia Mungu, basi yuko katika shule ileile ya Palma, na hahitaji kungojea likizo ili aanze. Namtaja yeye kwa kuwa kazi yake inafanana kabisa na ya mtakatifu. Lakini kila mmoja wetu ana lango lake. La mama ni mlio wa mtoto, la nesi ni kengele ya wodi, la muuza duka ni sarafu inayogongwa juu ya kaunta, la karani ni simu, na la padre, maskini, ni watu wanaomngoja sakristia kabla hajavua kasula.

Nasaha yangu ya kwanza, basi, ni kwamba ulichague lango moja tu. Usijaribu kuitakasa siku nzima kwa mkupuo, kwani anayeanza hivyo huchoka kabla ya jua la adhuhuri na huanza kujidharau. Tazama ni jambo gani hukukatiza mara nyingi zaidi na kukukera zaidi, kisha uwekeane ahadi na nafsi yako kwamba kabla ya kulijibu utavuta pumzi moja na kusema moyoni maneno mafupi ya kumwitikia Bwana, maneno yako mwenyewe, yaleyale kila mara. Sisi tuliolelewa katika adabu ya hodi na karibu tumetayarishwa kwa jambo hili kuliko watu wengine wengi. Tangu utotoni tumefundishwa kwamba mtu akipiga hodi haachwi nje bila jibu, na kwamba karibu hutolewa kabla ya kujulikana ameleta nini. Lichukue neno hilo karibu, lisemwalo mara mia kwa mazoea tu, ulirudishie uzito wake, umwambie nalo Yule ambaye kwa imani unajua yupo nyuma ya mgeni. Inachukua muda mfupi kuliko simu inavyoita mara mbili.

Utasahau. Simu itaita, utaijibu kwa ukali, na saa nzima baadaye utakumbuka kwamba kulikuwa na ahadi. Hilo lisikutie haya wala kukukatisha tamaa, na wala usijitungie adhabu. Lango litabishwa tena muda si mrefu, kwani hiyo ndiyo fadhila ya kukatizwa, kwamba hakukosi nafasi ya pili. Jioni, unapochunguza dhamiri kabla ya kulala, jambo ambalo Wayesuiti huliweka mahali pa juu sana katika desturi zao, usijaribu kukusanya makosa yote ya siku kama mtoza ushuru. Mkumbuke mtu mmoja tu uliyempokea vibaya. Mwone uso wake, kumbuka alitaka nini na alikwenda na nini, umwombee kwa jina lake ikiwa unalijua, na ikiwa kesho mtakutana, anza wewe kumwamkia. Mimi naamini kwamba desturi hiyo peke yake, ikishikwa mwaka mmoja kwa ikhlasi, humbadilisha mtu kuliko vitabu vingi vya ibada, na hapo namhesabu hata yule padre wa jina lilelile.

Hata hivyo, iko hatari upande wa pili, nami nimeisikia katika vinywa vya watu wema. Husema: kazi yangu ndiyo sala yangu, na kwa maneno hayo huiaga rozari, huiaga Misa ya siku za kazi hata pale inapowezekana, huuaga ukimya, na baada ya muda kazi hubaki kazi tu, na sala hutoweka katika zote mbili. Alonso hakuwa mtu wa namna hiyo. Rozari haikumtoka mkononi. Heshima yake kwa Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili ilikuwa kubwa kiasi kwamba watu walidhani kwa muda mrefu kuwa yeye ndiye mtungaji wa Ofisio Ndogo yenye jina hilo, ilhali alichofanya ni kuisali na kuieneza. Na saa ambazo mlango ulinyamaza alizitumia kwa sala. Kumwitikia Bwana mlangoni kuliwezekana kwake kwa sababu alikuwa amekaa naye kabla mlango haujabishwa. Kwa hiyo pamoja na lango lako moja, jiwekee wakati mmoja usiohojiwa, hata kama ni mfupi, na uuchague pale ambapo maisha yako yanauruhusu kweli, si pale ambapo ungependa uwe. Mama mwenye mtoto mchanga asijiapize kusali alfajiri saa ambayo mtoto huamka. Kama mtoto hulala baada ya chakula cha mchana, basi huo ndio wakati wa kanisa lake, na sahani zimngoje. Anayesafiri kwa daladala kutoka Gongo la Mboto mpaka Kariakoo kila asubuhi anaweza kumaliza mafumbo yote matano ya rozari akihesabu kwa vidole, na pengine hata kabla gari halijaondoka kwenye foleni.

Yapo pia mambo machungu ambayo si ya kupita kama mgeni wa mlangoni: tusi la bosi mbele za watu, ndugu aliyekudhulumu, ugonjwa usiopona, wivu ambao unajua ni wivu na bado haukuachi. Kwa mambo ya namna hii Alonso ana mafundisho ambayo nayapenda kuliko yote yaliyomo katika maandishi yake, maandishi aliyoyaanza uzeeni, mwaka 1604, si kwa kutaka kwake, bali kwa kuamriwa na wakuu wake aeleze yanayompata rohoni. Asemavyo, kwa ufupi, ni kwamba uchungu unapomshika huliweka jambo lile chungu katikati, baina yake na Mungu, akasali akiwa analitazama, wala hasogei mpaka Mungu augeuze uchungu uwe utamu. Angalia hasa alivyofanya. Hakujilazimisha kulisahau tusi, wala hakujidanganya kwamba halikumuuma, wala hakulibeba kwenda nalo kwa jirani ili lipate ushahidi. Alilikalisha mbele ya Mungu. Mtu aweza kufanya hivyo kanisani mbele ya Sakramenti Takatifu, au kitandani usiku usingizi unapokataa, akimwambia Mungu waziwazi: jambo lenyewe ni hili, na hivi ndivyo ninavyolichukia. Sala ya namna hii haina adabu nyingi za maneno, lakini ina ukweli, na wengi wetu tumezoea kusali kwa maneno mazuri huku jambo lenyewe linalotuunguza tumeliacha nje ya mlango.

Wala msomaji asidhani kwamba mzee huyu aliishi katika raha ya roho mfululizo. Alipitia miaka ya ukavu, vishawishi vikali na wasiwasi wa dhamiri uliomwonesha dhambi hata pale pasipokuwa na dhambi, na mwishoni alidhoofishwa na maradhi ya mwili. Maisha yake yana mambo ambayo mimi nakushauri waziwazi usiyaige. Alijitesa kwa mafungo na adhabu za mwili kwa namna iliyokuwa ya kawaida kwa watu wa zama zile, naye alifanya hivyo chini ya waungamishi na wakuu waliomjua. Mtu wa leo anayefunga chakula bila kushauriana na mtu, huku akitakiwa kazini saa moja na nusu asubuhi, hupata kichwa kuuma na hasira juu ya watoto wake. Inasimuliwa vilevile kwamba mkuu wake alimwambia siku moja, kwa kumpima, aende zake India, naye bila kuuliza akashika njia ya mlangoni. Na alipoulizwa angefikaje, akasema angetafuta meli bandarini, na akiikosa angeingia majini mpaka mahali maji yatakapomzuia, kisha angerudi akiwa radhi kwamba ametii. Kisa hiki hunichekesha kila nikisomapo, na huniogopesha kidogo pia. Utii wa mtawa kwa mkuu wake una kanuni zake na mipaka yake, nao si ruhusa kwa mume, au kiongozi wa kikundi cha sala, au nabii wa mtaani, kumwamuru mtu mwingine aingie baharini. Ukiwa na wasiwasi wa dhamiri usiokoma, tafuta muungamishi mmoja, mweleze yote, na umtii huyo mmoja badala ya kuzunguka kwa mapadre watano ukitafuta jibu la kukutisha zaidi.

Niseme pia juu ya mlango wenyewe, kwa kuwa huulizwa: je, mtu anayepokea kila mgeni kama Kristo aweza kusema hapana? Aweza, na mara nyingine imempasa. Bawabu asiyeweza kufunga mlango hana faida kwa nyumba anayoilinda. Mwanafunzi aliyetaka kutoka bila ruhusa, au mtu aliyekuja kwa hila, hakutendewa upendo kwa kuachiwa njia. Jirani anayekopa kila wiki asilipe, ndugu wa mjini anayetaka ada ya chuo ambacho hasomi, mteja anayeomba risiti ya uongo: hawa wanastahili jibu, na jibu laweza kuwa hapana, lisiwe tu la dharau. Tofauti husikika katika sauti, nayo anayekataliwa huijua mara moja. Mtu huweza kurudi mikono mitupu akiwa na staha yake kamili, na mtu huweza kupewa alichotaka akarudi amevunjika.

Limebaki jambo ambalo kwangu ni zito kuliko haya yote. Mwaka 1605 alifika katika chuo cha Montesión kijana mmoja wa Katalunya aitwaye Pedro Claver, mwanafunzi wa falsafa, mwenye umri wa miaka 25 hivi, mwenye moyo mkubwa na shaka nyingi juu yake mwenyewe. Walimu wake walikuwa wasomi. Lakini yeye aliomba ruhusa kwa mkuu wa chuo aweze kuzungumza jioni na bawabu, na ruhusa ikatolewa, na mzee aliyeshindwa Kilatini akawa mwalimu wa mwanafunzi wa falsafa katika ilimu ambayo haikuwamo katika ratiba. Alonso ndiye aliyemhimiza kwenda ng’ambo, kwa watu ambao Wahispania waliwahesabu bidhaa. Mwaka 1610 Claver alisafiri mpaka Cartagena, katika nchi ambayo leo ni Kolombia, bandari iliyopokea meli za Waafrika waliotekwa na kuuzwa utumwani. Na kwa miaka ipatayo 40 alishuka katika vyumba vya chini vya meli hizo, penye uvundo na maiti, akiwa na maji, matunda, dawa na wakalimani, kabla hajasema neno lolote la dini. Mwaka 1622, alipoweka nadhiri zake za mwisho, alijifunga kuwa mtumwa wa Waafrika daima. Watu aliowabatiza wanakadiriwa kufika 300,000. Papa Leo XIII aliwatangaza wote wawili kuwa watakatifu siku moja, tarehe 15 Januari 1888, mwalimu pamoja na mwanafunzi wake. Nairobi liko kanisa la zamani lenye jina la Petro Claver, na sidhani kwamba wengi wanaoingia humo wanajua kwamba habari ya msimamizi wao ilianzia katika mazungumzo na mzee wa mlangoni.

Kutokana na hayo natoa nasaha yangu ya mwisho, na hii ni kwa vijana hasa. Usimtafute mwongozi wa roho kwa kuangalia cheo, wala ufasaha, wala idadi ya watu wanaomfuata. Katika kila parokia yuko mtu, aghalabu mzee, aghalabu mwanamke, ambaye hasimami mbele kusoma na hagombei uenyekiti wa jumuiya, lakini watu wenye taabu humwendea kimyakimya nyumbani kwake, nao hurudi wakiwa na nguvu. Pengine ndiye anayefua vitambaa vya altare, au anayefagia kanisa Jumamosi jioni. Mwendee mtu huyo. Usiende na maswali makubwa. Kaa naye, msaidie kazi anayofanya, na uulize alivyosali alipofiwa, alivyosamehe alipodhulumiwa, na kama amewahi kuchoka na Mungu. Yeye hatakuhubiria, atakujibu kwa kukusimulia, na katika kusimulia utaiona njia. Na wewe mzee unayesoma haya, ambaye unadhani kwamba huna cha kuwapa vijana kwa kuwa hukusoma, usiwafukuze wanapokuja kukaa barazani kwako bila sababu inayoeleweka. Huenda wamekuja kwa sababu ambayo wao wenyewe hawajaijua.

Sikukuu ya Mtakatifu Alonso ni tarehe 31 Oktoba, siku moja kabla ya Watakatifu Wote, nayo hupita bila kelele kwa kuwa kila mtu anajitayarisha kwa sikukuu ya kesho yake. Lakini huna haja ya kuingoja. Chagua lango lako leo, tafuta maneno yako mafupi, na uanze na anayefuata kubisha. Na kesho asubuhi unapoingia kazini, kabla hujaandika jina lako katika daftari lile lenye kalamu ya uzi, mtazame usoni aliyekaa hapo, umwamkie kama inavyompasa mtu wa umri wake, na ikiwa hulijui jina lake, muulize.